Ua, Pazia na Makochi ya Mbele

Bwana Yesu asifiwe! Wazee wa kanisa, kamati ya ujenzi, na mama zetu mlioacha biashara Jumamosi hii, asanteni kwa kuja. Mmeniita nizungumze juu ya Hekalu kwa sababu mnajenga, na ramani mmeshaibandika hapa ukutani. Nitaifikia.

Wengi hushangaa wakiambiwa Hekalu la Sulemani lilikuwa dogo. Wafalme wa Kwanza sura ya 6 inatupa vipimo: urefu dhiraa 60, upana 20. Dhiraa ni kama nusu mita, kwa hiyo ni nyumba ya mita 30 kwa 10 hivi. Miaka 7 ya kazi, mierezi ya Lebanoni, dhahabu mpaka sakafuni, na bado mkutano wa Israeli haukukanyaga ndani. Waliingia makuhani. Watu waliabudu uani, juani, penye moshi na damu. Na Sulemani mwenyewe alikiri kwamba mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile.

Mawe yake yalichongwa hukohuko machimboni. Nyumba ilipokuwa ikijengwa haikusikika nyundo wala shoka. Aliyewahi kulala jirani na saiti anajua hilo ni jambo la ajabu. Sisi ibada tunaifungua kwa "haloo, haloo, moja, mbili". Haya, napita.

Nataka tukae uani. Hekalu la Herode, lile alilolijua Bwana Yesu, lilikuwa na nyua zilizofuatana: wa Mataifa (watu wasio Wayahudi), wa wanawake, wa wanaume wa Israeli, kisha wa makuhani. Mataifa walizuiwa kwa uzio wa mawe wenye maandishi. Jiwe mojawapo lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871, limeandikwa Kigiriki: mgeni asivuke, na atakayekamatwa, kifo amejitakia mwenyewe. Paulo nusura auawe kwa kudhaniwa kwamba amemvusha Trofimo, mtu wa Efeso. Sasa fungueni Waefeso sura ya 2, msome habari za kiambaza cha kati kilichobomolewa. Barua hiyo inatoka kifungoni, na safari ya kwenda kifungoni ilianzia kwenye uzio ule.

Sisi tumeujenga tena wapi? Tazameni mbele: makochi yenye vitambaa vya kufumwa, chupa za maji, "wageni waalikwa". Bibi aliyetoka nyumbani kwa miguu alfajiri anakaa mlangoni, na watu wakizidi anahamishiwa kwenye benchi la nje. Hatujaandika Kigiriki, lakini amesoma.

Tuingie ndani kabisa, nyuma ya pazia, Patakatifu pa Patakatifu, alipoingia kuhani mkuu peke yake, siku moja kwa mwaka. Mwaka 63 kabla ya Kristo, Pompey, jemadari wa Kirumi, aliuteka mji akaingia humo, kabla Herode hajalijenga upya Hekalu. Hakukuta sanamu, chumba kilikuwa kitupu. Utupu ule naupenda mno. Sisi hatuuvumilii: maua ya plastiki, mabango yenye sura za wahubiri, runinga kila nguzo. Pazia lilipopasuka toka juu hata chini, Bwana Yesu alipokufa, njia ilifunguliwa kuelekea mahali pasipo na cha kutazama.

Wa kamati, shikeni kipimo hiki: katika Hekalu la Sulemani chumba kile kilikuwa dhiraa 20 kila upande, hata kwenda juu. Mji wa Ufunuo 21 nao urefu, upana na kwenda juu kwake ni sawasawa. Yaani Yohana anaona Patakatifu pa Patakatifu pamekuwa mji mzima, na hekalu hakuliona humo.

Mfano wa karibu ni Mkunazini, Unguja. Kanisa Kuu lilianza kujengwa mwaka 1873 penye soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo, na madhabahu, kwa mapokeo ya pale, iliwekwa uliposimama mti wa kuwachapia. Mahali patakatifu pa jengo lote palichaguliwa kwa kumfuata mtu aliyefungwa kamba. Askofu Steere, aliyesimamia kazi, hakuwa msanifu majengo; hata nguzo za mle, husimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini yeye akiwa hayupo, na zimebaki hivyo.

Sasa ramani. Naona ngazi 9 mlango mkuu, na ngazi nyingine pembeni. Mwenyekiti, naomba unionyeshe: anayetumia kiti cha magurudumu anaingilia wapi?