Kamera Haimjui Bibi Harusi

Jamani karibuni, sogeeni mbele huku, mkikaa nyuma hamtaona hii sahani. Wengi mnajua ntasema nini, kwamba msiiachie kamera iwaamulie mwanga, maana kila nikija Bagamoyo nasema hilohilo, na ntalisema tena mpaka nione picha za harusi za huku zimebadilika.

Haya, angalieni. Hii sahani nyeupe, hiki kipande cha mkaa, vyote viko hapa dirishani, mwanga mmoja. Kamera nimeiweka otomatiki. Nasogea mpaka sahani imejaa fremu yote, napiga. Mkaa nao vilevile, najaza fremu, napiga. Pitisheni kamera muone wenyewe. Sahani imetoka kijivu. Na mkaa je? Kijivu!

Sasa msiseme kamera mbovu. Mita yake, yaani kile kipimo cha mwanga kilicho ndani, ndo ilivyotengenezwa, inachukulia kila ulichokielekezea, ukikichanganya chote pamoja, ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Ikikuta cheupe kingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Ikikuta cheusi kingi inadhani kuna giza, inaongeza. Basi. Haijui sahani, haijui mkaa, haimjui bibi harusi.

Na huyo bibi harusi namtaja kwa sababu nilimpiga mimi, hapahapa Mji Mkongwe. Saa tano asubuhi, amekaa kibarazani, shela jeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa, chini mchanga unarudisha jua, yaani weupe mtupu, na mimi niko otomatiki, naangalia kiskrini juani naona nakshi za shela zimetulia, nikasema safi, nikaendelea hivyohivyo asubuhi nzima. Picha zikasafishwa, nikapeleka albamu. Mama yake akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, akaenda kuchukua miwani, akaisogeza albamu dirishani, halafu akaniuliza taratibu kabisa, "Mwanangu, uso wake uko wapi?" Shela limekuwa la kijivu na uso umekuwa doa. Macho huyaoni. Hina ya mikononi, binti wa watu kaikalia usiku kucha, huioni. Nikamwambia mama kamera ilinisumbua. Haikunisumbua, ilifanya kazi yake, mimi ndo sikufanya yangu, na harusi hairudiwi.

Pale ilitakiwa nishike kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, nipeleke kwenye kujumlisha, stopu moja au moja na nusu, maana kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake, nitizame, nipige tena. Basi! Kitufe kimoja! Na mkipiga kina mama wamekaa pamoja na mabaibui meusi yamejaza fremu, mnakwenda upande wa kutoa, la sivyo baibui litatoka kijivu na nyuso zitaungua, yaani mwanga utazidi mpaka ziwe nyeupe tupu.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, si nitaediti. Utaediti nini? Ukivuta uso uliozama gizani unaleta chenga tupu. Na shela likiungua limeungua, hakuna uzi, hakuna nakshi, utapunguza mwanga upate kijivu kitupu. Ukipiga rau, lile faili ghafi la kamera, unapata nafasi kidogo, sikatai, lakini nafasi ina mwisho. Mwingine anasema atanunua kamera kubwa zaidi. Jamani, kamera kubwa nayo ina mita, nayo itataka kijivu!

Kwa hiyo zoeeni kupima mwanga unaoangukia uso, achaneni na kilichoko nyuma. Unacho kiganja. Kiweke kwenye mwanga uleule anaosimama mtu wako, kielekee kule uso wake unakoelekea, jaza fremu na kiganja, soma mita, halafu ongeza stopu moja, maana viganja vya wengi wetu ni vyeupe kuliko kile kijivu kwa kama stopu moja hivi. Funga hiyo setingi kwenye manyuali, pale unapoamua mwanga mwenyewe. Sasa hata nyuma yake paje ukuta mweupe, paje mlango wa Kizanzibari, uso haubadiliki.

Halafu fikirieni bahari yetu, iko mashariki. Asubuhi pale soko la samaki jua linatokea baharini, kwa hiyo mvuvi anayekuja na ndoo kichwani, nyuma yake kuna mng'ao mtupu, mita inameza ule mng'ao na uso wa baba wa watu unazama. Zunguka basi, wewe ukae upande wa maji, mwache yeye alielekee jua, au usubiri saa kumi jioni jua likiwa upande wa mjini. Saa sita nayo iacheni, jua letu huku linakuwa juu ya kichwa, macho yanakuwa mashimo, mpeleke mtu chini ya mwembe, ila mkumbuke pale kivulini mwanga umepungua stopu tatu mpaka nne, setingi za juani hazifai.

Histogramu, ule mchoro wa milima unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia, nilitaka niielezee vizuri, muda umekwisha, shikeni tu kwamba milima ikijibana ukuta wa kulia kuna kitu kimeungua. Wa simu, gusa uso, kisha buruta kile kijua juu au chini. Aisio, ile namba ya kamera kuhisi mwanga, tutaifanya kesho.

Saa kumi inakaribia. Mwenye kanzu nyeupe na mwenye baibui tangulieni ufukweni, wengine chukueni kamera mje, na otomatiki sitaki kuiona.