Kisima Kikavu na Hasira za Waliokichimba

Habari za mchana. Asanteni kwa kunialika, na asanteni zaidi kwa kupunguza kile kiyoyozi, maana mzee wenu alishaanza kuganda.

Kuna kichupa nimekianzisha mstari wa mbele, kipitisheni taratibu. Ndani mna punje za mwamba zilizotoka zaidi ya mita elfu mbili chini ya ardhi. Nilizipokea mwenyewe saa nane za usiku, ndani ya kontena la sampuli pembeni ya mtambo wa kuchoronga. Kazi ilikuwa hivi: tope linapanda kutoka kisimani limebeba punje, unazichota kwenye chekecheo, unaziosha, unazitazama kwa hadubini, kisha unazitia kwenye kisanduku cheusi chenye taa ya urujuanimno. Kama kuna mafuta, punje zinawaka rangi ya njano au buluu iliyopauka. Ukishaiona mara moja huisahau.

Usiku ule niliziingiza, giza. Nikaosha nyingine, giza. Nikavua miwani, nikafuta taa kwa shati, nikidhani ina vumbi. Kijana niliyekuwa naye zamu akanitazama, akasema, "Shikamoo mzee, taa ni nzima." Salamu ya saa nane za usiku! Alikuwa ananipa pole kwa namna yake.

Kwenye kazi yetu hicho kinaitwa kisima kikavu, hata kama kimejaa maji mpaka shingoni. Na nataka mnielewe: usiku ule sikukasirika. Nilisikitika, nikanywa chai, nikaandika kwenye daftari la zamu. Hasira zilikuja wiki kadhaa baadaye, na zilinikuta ofisini nikiwa nimevaa viatu safi.

Ili mzielewe hasira hizo, niwape hesabu kidogo. Mafuta hayapatikani mpaka mambo manne yakubaliane. Kuwe na mwamba uliopika mafuta. Kuwe na mwamba wenye vinyweleo wa kuyahifadhi. Tabaka ziwe zimejikunja au kukatika kiasi cha kufanya mtego. Na juu yake kuwe na mfuniko usiovuja. Tuseme la kwanza unaliamini kwa asilimia 80, la pili 70, la tatu 70, na mfuniko 50. Zidisha. Unapata asilimia 19.6. Yaani kila jambo peke yake linaonekana zuri, ila ukiyaweka pamoja una nafasi moja kati ya tano. Na nafasi moja kati ya tano, kwa eneo ambalo halijawahi kuchorongwa, si mbaya hata kidogo. Watu wanachimba kwa pungufu ya hapo.

Sasa, ripoti yetu ilikuwa na ukurasa huo. Tuliubishania wiki nzima, mimi nikiuvuta mfuniko chini, mwenzangu akiupandisha. Ripoti ikapanda ghorofa ya kwanza ikiwa na nambari mbili: mapipa tunayoweza kupata, na nafasi ya kuyapata. Ilipofika ghorofa ya juu, kwa wakubwa wanaozungumza na wenye fedha, ilikuwa imebaki nambari moja. Mnaijua ni ipi. Hakuna aliyesema uongo, mkitazama kwa makini; kila mtu alifupisha tu ukurasa wa mwenzake. Na mkuu wetu akaenda mbele ya watu akasema mapipa, mapipa, mapipa.

Kisima kilipotoka kikavu, tuliitwa. Swali la kwanza alilouliza: "Nani aliniambia kuna mafuta?" Kimya. Mwenzangu akafungua ripoti, akaweka kidole kwenye asilimia zile. Mkuu hakuutazama ule ukurasa. Mwezi uliofuata idara yetu ilipunguzwa nusu kwa barua ya aya mbili, ya pili ikitukumbusha kurudisha vitambulisho. Na kule kambini, getini, kulikuwa na mama ntilie aliyekopa kununua masufuria makubwa kwa sababu meneja mmoja alimwambia mradi ni wa miaka 20. Huyo hakupata hata barua.

Msidhani haya ni ya kwetu tu. Mwaka 1983, kampuni ya Sohio ya Marekani ikiongoza wenzake ilikwenda kwenye bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska, mahali panapoitwa Mukluk. Walijenga kisiwa cha kokoto baharini ili waweke mtambo. Mtego ulikuwa mkubwa ajabu, na uwanja wa Prudhoe Bay, uliogunduliwa 1968, haukuwa mbali sana na hapo. Gharama zote, vitalu na kisima pamoja, zilipita dola bilioni 1. Desemba mwaka huohuo punje zikapanda na madoa ya mafuta, na nyuma yake maji ya chumvi. Mafuta yalikuwapo kweli, zamani, kisha yakatoroka. Richard Bray, mmoja wa wakuu wa Sohio, alisema walichimba mahali sahihi, ila walichelewa miaka milioni 30.

Watu hulicheka jibu hilo, mimi naliheshimu. Ni jibu la mtu anayejua kwamba mwamba haukumwahidi kitu. Halikumtafuta mchawi miongoni mwa waliofanya kazi. Miaka mitatu baadaye, 1986, BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza iliyokuwa na hisa nyingi ndani ya Sohio, ilimwondoa mwenyekiti Alton Whitehouse na kumleta Robert Horton. Sisemi Mukluk peke yake ndiyo iliyomtoa, bei ya mafuta nayo ilikuwa imeanguka. Nasema tu kwamba mara hiyo panga lilifika juu.

Kwa Shell ilikuwa hadithi nyingine, na hii inanigusa zaidi kwa sababu aliyechoka alikuwa mkubwa mwenyewe. Novemba 2003, Walter van de Vijver, aliyekuwa akiongoza utafutaji na uzalishaji, alimwandikia mwenyekiti wake Philip Watts kwamba amechoshwa kabisa kudanganya kuhusu ukubwa wa tatizo la akiba zao za mafuta. Januari 2004 kampuni ikatangaza kupunguza akiba zake kwa mapipa bilioni 3.9, sawa na asilimia 20. Machi wote wawili wakawa nje. Kama mtu wa ngazi ile alifikia kuandika hivyo, mfikirieni kijana aliyekuwa akijaza majedwali miaka yote hiyo akiambiwa "pandisha kidogo."

Na karibu na nyumbani, kampuni ya mafuta ya Tullow mnaijua kwa kisima cha Ngamia-1 kule Turkana, 2012. Agosti 2019 ilitangaza mafuta Guyana, hisa zikaruka. Novemba ikabainika ni mafuta mazito yenye salfa nyingi. Desemba 9, huku uzalishaji wa Ghana nao ukiwa chini ya matarajio, mtendaji mkuu Paul McDade na mkurugenzi wa utafutaji Angus McCoss waliondoka siku moja, na hisa zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 70. Mwanzoni mwa 2020 ikatangazwa kwamba karibu theluthi ya wafanyakazi nao wataondoka. Wakubwa waliwajibika, sawa. Lakini hiyo theluthi haikuwa imemtangazia mtu chochote.

Kuna wanaoniuliza, basi kampuni zisichimbe mpaka ziwe na uhakika? Hapana jamani. Uhakika unapatikana baada ya kuchimba. AGIP, kampuni ya Italia, ilipochoronga Songo Songo, kisiwani kule Kilwa, mwaka 1974 ilikuta gesi, ikaona hailipi, ikaondoka. TPDC, shirika la mafuta la taifa la Tanzania, ikaendelea na visima vingine palepale, na mwaka 2004 gesi hiyo ikaanza kuwasha mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam. Miaka 30! Kuna wazee walistaafu wakiamini wamefanya kazi bure.

Mimi nilipopata kazi kwingine nilibadili jambo moja tu. Nilianza kuandika nafasi kwenye jina lenyewe la mtego. Badala ya jina tu, ramani ilisomeka jina, kisha "moja kati ya sita." Kila slaidi, kila jedwali, kila barua pepe. Ukitaka kuifuta lazima ubadili jina, na ukibadili jina lazima uulizwe kwa nini. Meneja alinuna miezi miwili. Akaniambia ninawavunja moyo wawekezaji. Nikamwambia bosi, mwamba ndio unaowavunja moyo, mimi nawapigia simu mapema.

Kisima cha mtego huo nacho kilitoka kikavu. Tuliitwa tena, chumba kilekile cha aina ileile, chupa za maji mezani. Mkuu akatazama jina lililokuwa kwenye ukuta, akalisoma kwa sauti mpaka mwisho, na namba yake. Kisha akauliza: "Mfuniko ulivuja, au mafuta hayakufika kabisa?"

Tulikaa mpaka saa moja jioni tukilijibu swali hilo.

Naona mikono imeshainuka kule nyuma. Tuanze na dada mwenye ushungi wa kijani. Na kile kichupa kimefika wapi? Kirudi, tafadhali.