Jiko Siyo Letu

Haya, wa nyuma mnanisikia? Kipaza sauti hiki kinakoroma kama mlevi wa saa 9 usiku, lakini tutakwenda nacho hivyo hivyo.

Nimepewa mambo manne ya kuwaambia nyinyi wenye baa: chakula, bili, muziki na vyoo. Nitaanza na chakula na bili. Muziki na vyoo vitategemea huruma ya mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana wanajua ninakoelekea, na namwona kaka mmoja pale ameshaanza kucheka. Cheka tu, baa yako nayo imo.

Jumamosi moja nilimpeleka shemeji yangu, katoka Mwanza, kwenye baa ya nje hapa hapa Dar. Jina silitaji. Mahali pazuri kweli: miembe mitatu, kokoto chini badala ya vumbi, viti vya plastiki ambavyo miguu yake haijaanza kutambaa. Tumefika saa 11 jioni, kaupepo kanapita. Dada akaja mbio: "Shikamoo mama, karibuni. Za moto au za baridi?" Kwa mwanzo ule ningempa alama mia. Vinywaji vikafika kabla sijapata pa kutundika mkoba. Tukaagiza na kilo ya mbuzi, ndizi za kuchoma na kachumbari. Kumbe hapo tumevuka mpaka wa nchi na pasipoti hatuna.

Saa 12, hakuna nyama. Nikamwita dada. "Mama, jikoni nimeshawaambia." Saa 12 na nusu nikamwita tena. Safari hii akatazama kokoto, akasema maneno ambayo nimeyasikia Sinza, nimeyasikia Morogoro, nimeyasikia Moshi: "Mama, jiko siyo letu."

Jiko siyo letu! Bango la barabarani ni moja, limeandikwa bia baridi na nyama choma. Mwembe ni mmoja. Moshi wa hilo jiko unaniingia machoni mimi mwenyewe. Halafu naambiwa ni la watu wengine. Watu gani, wa mtaa wa pili?

Nyinyi mnajua, hamhitaji nieleze. Kaunta ya mwenye baa, jiko amekodishwa mtu, chipsi amekodishwa mwingine, na kule pembeni kuna mama wa supu analipa kwa siku. Mimi mteja sikuonyeshwa huo mkataba. Nimekuja kula.

Nyama ilifika saa 1 kasoro robo. Shemeji, mtu aliyekulia minadani, akaitazama ile sinia, akasema, "Hii kilo imezaliwa njiti." Nikamtetea mchoma nyama, kwa sababu haki ni haki: nyama ikikaa motoni maji na mafuta yanaondoka, na kilo mbichi inaweza kupoteza robo yake, hata theluthi. Ukiletewa gramu 700 hujaibiwa. Lakini nani alituonyesha ile kilo ikiwa mbichi? Hakuna aliyetuita tuone mizani, wala tuchague paja au mbavu. Wakala wa Vipimo wanapita kila mwaka wanakagua mizani na kubandika stika. Stika unayo, mizani umeificha nyuma ya gunia la mkaa! Mwite mteja aje kwenye kioo, aone mshale umesimama wapi, arudi akakae. Hapo hata mifupa ikiwa mingi ataitafuna kimya kimya, aliichagua mwenyewe.

Tukaomba bili. Zikaja mbili. Ya vinywaji imeandikwa kwenye kipande cha boksi la sigara, ya jikoni imekuja mdomoni. Lipa Namba nazo mbili, majina mawili nisiyoyajua. Na ile ya vinywaji inasema chupa 11. Sisi tunahesabu 9. Tuhakikishe kwa chupa tupu? Kuna kijana alikuwa anapita na kreti anazoa kila chupa iliyolala, meza inabaki safi kama ya msikitini. Usafi mzuri, ushahidi umeondoka. Dada akaniinamia sikioni: "Mama, hizo mbili nitakatwa mimi."

Shemeji akalipa 11, asimwone mtoto wa watu analia. Hajarudi pale. Kila akija Dar ananiuliza, "Leo tunakwenda kwenye ile baa yenye nchi mbili?" Miaka mitatu anasema hivyo, na anasema mbele za watu.

Sasa nisikilizeni kuhusu huyo dada, maana nikiwauliza nyinyi shida ya baa ni nini, wote mnaniambia wahudumu. Hawana lugha, wanaganda mezani, wanadai hela kabla glasi haijatoa povu, chenji hawana. Kwa nini anaganda mezani? Kwa sababu kaunta imemwandikia kila chupa jina lake. Mteja akitoroka kupitia chooni, deni ni la dada. Chupa ikivunjika, la dada. Umemfanya mfanyabiashara wa tano hapo chini ya mwembe, tena ndiye mwenye mtaji mdogo kuliko wote, halafu unashangaa hana tabasamu. Angetabasamu na nini?

Mtasema, "Mama, ukiwaachia watakufilisi." Nimelisikia hilo kabla hujazaliwa. Wezi wapo, nao wamewekewa taratibu zao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inasema ukitaka kumkata mfanyakazi kwa hasara, iwe ametenda kosa yeye, umpe maelezo kwa maandishi, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yote yasizidi robo ya mshahara wake. Mnaguna. Guneni. Siku atakayokwenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na daftari lake, mtaniambia nilikuwa nasoma vitabu.

Na sijasema usikodishe jiko. Kodisha! Mchoma nyama mzuri ana kazi yake na wewe una yako. Ninachotaka, na hili nalisema tangu enzi hizo simu zina mkia, ni kwamba mteja alete oda kwa mtu mmoja, apewe bili moja, alipe namba moja. Usiku mkifunga, wewe na mwenye jiko kaeni kaunta mgawane, mkitaka na kupigana mpigane, mimi nimeshalala. Na mchoma nyama aseme dakika. Mbuzi mbichi anahitaji muda, kila mtu anajua, lakini aliyeambiwa saa nzima anaagiza supu ya kuanzia. Anayeambiwa "inakuja" anaanza kutazama geti.

Kuna kijana aliniuliza hapo nje, anataka kufungua sehemu ya taco huko Masaki, nina maoni gani. Ninayo. Kwanza, usitutishe na jina. Taco ni kichapati cha mahindi, mahindi yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, ndani wanaweka nyama, kitunguu, giligilani, ndimu na pilipili. Na ile wanayoiita al pastor, nguruwe anayezungushwa kwenye mtaimbo uliosimama, Wameksiko waliipata kwa wahamiaji wa Lebanon. Ni binamu wa shawarma unayokula mjini kila Ijumaa.

Lakini nilichokipenda ni hesabu yao. Kwenye vibanda vya barabarani kule, mtu anakula wima, moja, nyingine, tatu, na mwisho muuzaji anamuuliza: umekula ngapi? Anajibu, analipa. Msicheke, hata pwani yetu tunahesabu hivyo, ila sisi tumejiwekea shahidi. Mishkaki unakula, vijiti vinabaki kwenye sahani, vinahesabiwa. Wapo wanaovitupa chini ya meza, nawajua, mmoja ni ndugu yangu. Sasa taco haina kijiti, kijana wangu. Inaliwa yote na sahani ya karatasi inapeperuka. Kwa hiyo kabla hujanunua friji, amua nani anahesabu, na wakitofautiana nani anaumia. Ukiniambia anaumia dada, usifungue.

Mwenyekiti ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili? Haya.

Muziki. NEMC, wale wa baraza la mazingira, wameshafungia baa kwa kelele, na bado mnaelekeza spika kwenye madirisha ya watu. Igeuzeni. Siku ya Simba na Yanga nawasamehe dakika 90, hata hivyo mteja lazima apige kelele kuagiza, na dada anasikia "mbili" akaleta "tatu", tumerudi kwenye zile chupa 11.

Vyoo. Taa, maji, komeo. Wenye baa kunyweni wenyewe soda tatu pale pale kwenu, mwende. Sina zaidi.

Nilikuwa na la mbu na la maegesho, basi. Maswali tuulizane kwenye chai. Kaka uliyekuwa unacheka, njoo na wewe, nataka kujua jiko lako umemkodisha nani.