Mwenye kinga anaposhuka: mhadhara juu ya siklokrosi, uliotolewa Lubumbashi

Jambo yenu, bamama na bababa, nanyi vijana mliojaa hapo madirishani. Asanteni kwa kuja na mvua hii. Ninamshukuru paroko aliyetufungulia ukumbi. Niliombwa niseme juu ya siklokrosi, mbio za baiskeli nilizoshiriki nilipokuwa masomoni Ubelgiji, na baiskeli yenyewe ndiyo hii hapa mbele. Sikuiosha. Tope mnaloliona ni la jana, la njia ya Kasapa, na nitahitaji mlione.

Nianze na barabara ya Kasenga. Wale vijana wa makala, makaa ya kupikia, tunawajua sote. Wanatoka porini kungali giza, magunia yamefungwa nyuma ya kinga, baiskeli yao ya kazi, hadi yanampita mwenyewe kimo. Kikija kilima, kijana anashuka. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, mgongo umeinama, anasukuma. Mvua ikiwa imenyesha anasukuma hata penye tambarare, maana udongo wetu mwekundu ukilowa unashika tairi kama bukari, ugali wetu, inavyoshika mwiko. Sisi watoto wa Katuba tulikuwa tukiwapigia kelele: "Kinga imemshinda!" Mama yangu alitukemea, nasi hatukusikia. Leo, mbele yenu, ninawaomba radhi vijana wale. Nilikwenda mbali sana kujifunza jambo walilokuwa wanalijua.

Nilikaa Gent miaka mitatu, nikisomea fizikia. Baiskeli niliinunua kuukuu, ya kuniwahisha darasani tu. Mwaka wa kwanza, sikukuu ya Watakatifu Wote, jirani yangu alinipeleka Oudenaarde kutazama mbio za Koppenberg, ambazo kwa desturi hufanyika tarehe 1 Novemba. Nilitazamia barabara ya lami na watu waliojikunja juu ya usukani. Badala yake nilikuta malisho ya ng'ombe yaliyogeuka tope, watu maelfu wamesimama ndani yake na mabuti, na wakimbiaji wanapanda mlima kwa miguu, baiskeli begani. Kwa miguu! Nikamuuliza jirani, je, zimeharibika? Akaniambia, tazama vizuri. Nikatazama. Waliotangulia walishuka bila kusimama, wakapiga hatua kumi na tano, ishirini, wakarukia tandiko, wakaendelea. Mmoja alikaidi kushuka. Alipofika katikati gurudumu lake lilizunguka mahali pamoja, watu sita wakampita.

Hiyo ndiyo siklokrosi. Njia ni mzunguko wa kilomita 2.5 hadi 3.5, kupitia nyasi, msitu, mchanga, ngazi, vilima vifupi vikali. Kanuni za kimataifa zinataka upana wa mita 3 angalau mwendo wote. Mahali fulani huwekwa mbao mbili za kukingama, kimo sentimita 40, zimeachana mita 4 au zaidi kidogo. Wanaume wa ngazi ya juu hukimbia karibu saa moja, sisi wa ridhaa kama dakika 40. Na idadi ya mizunguko haijulikani mnapoondoka: waamuzi wanapima muda wa mizunguko ya mwanzo, ndipo wanaonyesha kwenye kibao imebaki mingapi. Mzunguko wa mwisho hupigiwa kengele. Mpaka hapo unakimbia kwa kukisia nguvu zako, na kukisia vibaya kunaumiza.

Mbio zangu za kwanza zilikuwa mwezi huohuo, katika kijiji kimoja nje ya Gent. Tuliandikishwa kwenye meza ya kantini, tukapewa namba na pini nne. Nyuzi 4 za joto. Wanawake tulikuwa kumi na wanne, na mgeni hupangwa nyuma. Nafasi ya kuondokea ina uzito mkubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu baada ya mita mia mbili njia inabana, na anayefika wa mwisho pale anasimama foleni huku wa mbele wanaondoka. Nilifika wa mwisho.

Kulikuwa na mteremko, kisha kona ya kushoto, halafu kilima cha tope. Kila mzunguko nilipanda kilima kile nikiwa juu ya tandiko. Nilikuwa na nguvu, na nilikuwa na fahari. Nilisema moyoni, mimi ni mtoto wa Katuba, hakuna atakayesema kinga imenishinda. Kila mzunguko nilikwama palepale, wenzangu wakanipita wakikimbia kwa miguu. Kando ya kamba alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. Alinipigia kelele: "Lopen! Lopen!" Kwa lugha ya huko ni "kimbia". Mimi nilisikia dharau. Nilikuwa mweusi peke yangu uwanja mzima, na nikadhani ananifukuza. Nilimaliza wa kumi na tatu, vidole havina hisia kabisa, na damu iliporudi ndani ya vidole nililia kwa maumivu, na kwa neno lile pia.

Wiki iliyofuata mzee alikuwepo tena, kijiji kingine. Akaja kwangu kabla ya kuondoka, akashika baiskeli yangu, akanionyesha. Hakuwa ananifukuza. Alikuwa ananiambia ukweli kuhusu kilima.

Sasa niruhusuni niwaonyeshe, maana hili ndilo nililokuja kusema, na kwa maneno matupu halikai. Tazameni miguu yangu. Mguu wa kulia unatoka kwenye pedali, unapita nyuma juu ya tandiko, unakuja upande huu wa kushoto. Sasa nimesimama kwenye pedali moja tu, baiskeli bado inakwenda. Mkono wa kulia unashuka kwenye bomba la juu la fremu. Mguu wa kulia unapita mbele, kati ya mguu wa kushoto na baiskeli, na ndio unaogusa ardhi kwanza. Unatua ukikimbia. Ukitua umesimama, mwendo wote uliouleta umekufa, na mwendo hauuzwi sokoni: umeulipia kwa pumzi. Penye mbao mbili unainua tu baiskeli kando yako, kama ndoo. Penye ngazi au kilima kirefu unaipitisha begani, mkono wa kulia unapita chini ya fremu na kwenda kushika usukani upande wa kushoto, ili gurudumu la mbele lisikupige. Kurudi juu ndiko kugumu. Mtu anaogopa, anasita, anapiga hatua ndogo-ndogo mbili kama mtu anayepima kina cha maji. Usiruke juu, ruka mbele. Paja la ndani linatangulia kugusa tandiko, unateleza hadi mahali pako, miguu inatafuta pedali yenyewe.

Nilifanya zoezi hilo bustanini miezi miwili, jioni, chini ya taa ya barabarani. Nina alama kwenye muundi bado.

Wapo wasioshuka kwenye mbao. Sven Nys wa Baal, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2005 na 2013, alijulikana kwa kuziruka akiwa juu ya baiskeli. Ni jambo zuri mno kulitazama. Lakini hata yeye alishuka na kukimbia penye haja, na hapo ndipo ninapotaka vijana wafungue macho.

Jambo la pili ni tairi, na hapa mwalimu wa fizikia hawezi kunyamaza. Mafundi wetu wa mitaa ya Kenya na Kamalondo, hapa mjini, wanajaza upepo hadi tairi inakuwa jiwe. Kwa barabara na mzigo, wana haki. Kwenye tope ni kinyume. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 75. Uzito huo ni kama niutoni 750. Tairi yenye upepo wa baa 7, baa ni kipimo cha msukumo wa upepo, itagusa ardhi kwa sentimita za mraba 11 hivi, magurudumu yote mawili pamoja. Ishushe hadi baa moja na nusu: sasa inagusa sentimita za mraba 50. Mtu yuleyule, baiskeli ileile, na ardhi imempa mshiko karibu mara tano kwa eneo. Ndiyo maana kabla ya mbio utawaona wote wanaminya tairi kwa kidole gumba, wanatoa upepo kidogo, wanaminya tena. Ukizidisha, mzizi utapiga rimu na kubana mpira wa ndani, utatoboka. Tairi zenyewe katika mbio za kimataifa hazizidi upana wa milimita 33, kwa hiyo huwezi kununua mshiko kwa tairi nene. Unautafuta kwa kidole.

Historia sitaichelewesha. Wafaransa walikuwa na mashindano ya taifa tangu 1902, na jina linalotajwa kuwa la mwanzilishi ni la mwanajeshi Daniel Gousseau. Octave Lapize aliposhinda Tour de France mwaka 1910 alisema mazoezi hayo yalimsaidia. Ubingwa wa dunia ulianza 1950 huko Paris, akashinda Jean Robic. Wanawake tulisubiri hadi mwaka 2000, miaka hamsini mizima, ndipo Hanka Kupfernagel wa Ujerumani akawa wa kwanza. Tangu hapo Marianne Vos wa Uholanzi ameuchukua mara nane. Dada zangu mliokaa huku kulia, hesabu hiyo ikumbukeni mtu akiwaambia baiskeli si ya wasichana.

Majira yangu ya pili yalikuwa mengine kabisa. Sikushinda, wala sikuwahi kushinda hata mara moja katika miaka mitatu. Nafasi yangu nzuri ilikuwa ya nne. Lakini nilianza kuona kile wanachokipenda watu wale. Njia ni ileile kila mzunguko, ila ardhi haibaki ileile. Mstari uliokuwa mkavu mzunguko wa kwanza, kufika wa nne umechimbwa na magurudumu mia. Mchanga nao una mfereji wake: ukiingia ndani, unaweka uzito nyuma, unalegeza mikono, unakanyaga bila kuacha, na baiskeli inajiongoza. Ukiukaza usukani, umeanguka. Basi dakika 40 zote unasoma ardhi upya, mapafu yanawaka, na mbele yako yupo mtu mmoja tu, labda wa tisa, nawe wa kumi, na kwenu ninyi wawili hizo ndizo fainali. Nilipompita mama mmoja kwenye ngazi, kwa sababu mimi nilishuka mapema na yeye alichelewa, mzee wa kofia ya sufu alirusha kofia juu. Baada ya mbio alinishikia koti, tukanywa supu kwenye kantini, baiskeli zikisubiri foleni ya mpira wa maji.

Wakubwa wana baiskeli mbili au tatu. Zipo sehemu maalumu ambapo mtu anabadilisha, fundi anaiosha ile chafu kwa maji ya nguvu, mzunguko unaofuata wanabadilishana tena. Mimi nilikuwa na moja, na tope zito likinasa kati ya tairi na fremu niliondoa kwa vidole.

Sasa turudi kwetu. Majira ya huko ni Septemba hadi Februari. Mvua zetu ni Novemba hadi Aprili. Tope letu linakuja katika msimu wao uleule! Tuna vichuguu vikubwa ambavyo watu wanafyatulia matofali. Kichuguu kimoja kilichochongwa pembeni ni kilima kizima. Tuna viwanja vya shule, tuna njia za Kasapa.

Na kuna jambo linalonikosesha usingizi. Kijana wa hapa akitaka kufanya mazoezi ya baiskeli anakwenda wapi? Barabara ya Kasumbalesa, ya Likasi, katikati ya malori ya shaba. Sitaki kumpeleka mwanafunzi wangu huko. Siklokrosi iko ndani ya uwanja, mzunguko mfupi, hakuna gari. Mama anaweza kukaa penye kivuli na kumwona mwanawe akipita kila dakika saba au nane. Mwaka 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ulifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na vijana wengi hapa wameniuliza sisi tutaanzia wapi. Mimi ninajibu: tuanzie mahali ambapo lori haliwezi kuingia.

Baiskeli ya begi kubwa la fedha haihitajiki. Baiskeli ya mlimani ya mitumba inatosha kujifunzia. Hata kinga ya kazi, ukiondoa karia na madigadi. Ni nzito, na begani utaisikia, kwa hiyo tutaanza na mbao na kuacha ngazi kwanza. Na nimekwenda barabara ya Kasenga mwenyewe, nimezungumza na vijana watatu wa makala. Wawili wamekubali kuja kutufundisha kusukuma kinga penye tope. Nawaomba mwaite waalimu, kama mnavyoniita mimi.

Jumamosi saa moja asubuhi, uwanja wa nyuma ya kanisa. Mafundi, leteni pampu. Nimepata mbao mbili, nimezipima sentimita 40 barabara, ziko pale mlangoni. Hatutangoji Jumamosi kuzijaribu: mnaweza kusogeza mabenchi mawili ya mbele? Asanteni. Yaya, dada wa kilemba cha kijani, wewe uliyenyoosha mkono tangu nilipoonyesha miguu, njoo. Shika hapa. Mguu wa kulia kwanza.