Theluji Ndiyo Grisi: Namna ya Kuvidumisha Vitelezi vya Pikipiki ya Theluji

Habari za jioni. Asanteni kwa kufika, na mniwie radhi kwa harufu hii ya mpira na grisi. Ndiyo manukato ya kazi yangu.

Nimeombwa nizungumzie kifaa ambacho mwenye pikipiki ya theluji, ile mashine yenye skii mbele na mkanda wa mpira unaozunguka chini yake, hakikumbuki mpaka kimwishie njiani. Hiki hapa, kipitisheni mkono kwa mkono. Ni kipande kirefu cha plastiki nyeusi, chembamba, kimepinda juu upande wa mbele kama omo ya mtumbwi. Ukikitazama kwa kichwani utaona mfereji, na mfereji huo ndio unaoikumbatia reli ya alumini, ule mhimili unaolala ndani ya mkanda na kuukandamiza kwenye theluji. Kila mashine ina viwili, kimoja chini ya kila reli. Kila fundi ana jina lake, mimi naviita vitelezi kwa kuwa kazi yao ni kuteleza.

Sasa tazameni hiki cha pili, nimekitoa kwenye mashine ya mteja. Pitisha kidole taratibu, usije ukajikata. Ukingo wa ndani umekuwa mkali kama kisu, ilhali wa nje bado una unene wake. Halafu huku mbele, kwenye mpindo, plastiki imetambaa ikamwagikia pembeni kama nta ya mshumaa. Hiki kimekufa kwa maradhi mawili tofauti, na mwenyewe alidhani ni uzee.

Watu hupenda kuniuliza kitelezi kinadumu kilomita ngapi. Swali hilo sijawahi kulijibu. Nimeona seti iliyokula misimu kadhaa ikiwa bado na nyama, na nimeona nyingine iliyokwisha alasiri moja. Mashine za aina moja, plastiki ya aina moja. Kwa hiyo kilomita tuziache kando, tuangalie kitelezi kilikuwa kinapita kwenye nini.

Kwanza tuelewane ni nini kinateleza juu ya nini. Mkanda unaposhika theluji, ile sehemu yake ya chini imesimama, haiendi popote. Mashine ndiyo inayopita juu yake, kama mtu anayejitandikia mkeka mbele na kuukunja nyuma huku anatembea. Basi ukienda kilomita 60 kwa saa, kitelezi nacho kinasuguana na klipu za chuma za mkanda kwa kilomita 60 hizohizo, karibu mita 17 kila sekunde. Mkanda wa mita 3.5 unazunguka karibu mara 5 kwa sekunde. Hebu piga makofi matano haraka haraka. Kila klipu imeshapita hapo mara tano, na uzito wako na wa mashine uko juu yake.

Plastiki yenyewe si ya hovyo. Ni polithilini yenye molekuli ndefu kupita kiasi, ndugu wa ile inayotumika kwenye magoti na nyonga bandia. Kwa kusagwa tu, haiishi upesi. Udhaifu wake ni joto. Huyeyuka kwenye nyuzi karibu 135 za Selsiasi, na kabla ya hapo imeshaanza kulegea. Isitoshe haipitishi joto. Alumini hulipitisha mara mamia zaidi. Kwa hiyo joto la msuguano halina pa kukimbilia, linarundikana palepale usoni, ngozi ya kitelezi inalainika, na klipu zinazopita zinaikwangua kama kisu kwenye siagi.

Kinachoinusuru ni theluji. Mkanda una matundu, na theluji inayorushwa ndani inaangukia kwenye klipu na kwenye kitelezi, inayeyuka, inaacha utando mwembamba wa maji. Maji hayo yanalainisha na yanabeba joto. Kuyeyusha kilo moja ya theluji kunahitaji kilojuli 334. Sikieni maana yake: ni joto lilelile linalotosha kuichukua lita moja ya maji ya nyuzi 20 hadi ichemke. Theluji inalimeza joto lote hilo na bado ni maji ya nyuzi sifuri! Hakuna grisi ya dukani inayofanya hivyo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kupulizia vitelezi mafuta kwa wiki nzima. Mafuta huoshwa mara moja, na yakibaki yanakamata mchanga. Tusipoteze muda hapo.

Sasa nikiri kosa langu. Msimu wangu wa kwanza nilivuka ziwa lililoganda, upepo ulikuwa umelifagia mpaka barafu inang'aa kama kioo. Nikaona uwanja huo, nikafungua mafuta. Baada ya dakika chache nikasikia mashine inakuwa nzito, kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa nyuma. Nikaongeza mafuta. Ikaja harufu, kama mfuko wa plastiki uliodondokea jikoni. Taa ya joto la injini ikawaka. Nikasimama, nikajisifu kwamba nimewahi, nikaenda kuongea na wenzangu. Niliporudi, mkanda haukuzunguka. Plastiki ilikuwa laini, nikaiacha ipoe ikiwa imezibana klipu, ikashikana nazo. Tuliinua nyuma, tukautikisa mkanda kwa mikono huku wenzangu wakicheka, na klipu zilipoachia ziliondoka na nusu ya kitelezi.

Zingatieni mambo matatu katika kisa hicho. Uzito ule haukuwa wa injini, ulikuwa wa kitelezi kinachoomba maji. Taa nayo haikuwaka kwa bahati mbaya: kwenye mashine zinazopozwa kwa maji, vipozeo viko juu ya mkanda na vinategemea theluji ileile inayorushwa. Injini na kitelezi wanakunywa kisima kimoja. La tatu, nilisimama mahali pabaya. Nilipaswa kutafuta theluji laini kwanza, hata mita mia mbili tu, nipite taratibu vitelezi vipoe, ndipo nisimame.

Hiyo ndiyo tabia ninayowaomba muanze nayo. Njia ikiwa imeshindiliwa na kuganda, toka pembeni kila baada ya muda, palipo halali na salama, ukaguse theluji laini. Usingoje harufu, kwani ukiisikia umeshapoteza milimita. Mkiwa msafara, njia ngumu humtesa zaidi anayetaka kwenda kasi, kwa sababu joto hupanda pamoja na mwendo. Punguza. Ukilazimika kuvuka lami au changarawe, vuka kwa njia fupi kabisa, polepole, wala usigeuze pale katikati.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: baridi kali nayo ni adui. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri theluji inakuwa kavu kama mchanga, haiyeyuki kirahisi, na utando ule wa maji unapungua. Mtu anasema leo ni baridi, hakuna cha kuungua. Kumbe siku hiyo ndiyo anasuguana na msasa.

Pale ambapo theluji laini haipatikani, kuna vikwaruzi vya barafu. Ni fito za chuma cha springi, au nyaya ngumu, zinazofungwa kwenye reli au karibu na skii. Ukiziteremsha zinaparuza barafu na kurusha vumbi la barafu ndani ya mkanda. Kwa maoni yangu, mtu anayepita njia ngumu bila vikwaruzi anabana senti na kumwaga shilingi. Ila mkumbuke mnapotaka kurudi nyuma: fito nyingi hazipendi kurudishwa kinyumenyume, zinakunjika au kukatika. Zile za waya huvumilia zaidi. Na zikishaisha ncha, zibadilisheni, maana kikwaruzi butu ni pambo.

Halafu kuna magurudumu madogo yanayozunguka kando ya reli. Hayo hugawana uzito na vitelezi. Mpira wake ukiliwa, au beringi ikikwama, uzito wote unahamia kwenye plastiki. Zungusheni kila moja kwa kidole: likikwaruza, likitikisika, au likikataa, siku zake zimekwisha. Anayepita zaidi kwenye njia ngumu anaweza kuongeza jozi ya magurudumu, hasa karibu na sehemu inayoliwa zaidi. Anayekaa kwenye theluji ya kina hahitaji, atajibebesha uzito na barafu tu.

Turudi kwenye kile kitelezi cha kisu, kiko kwa nani? Kinyanyue wenzako waone. Mpindo wa mbele uliungua, hayo tumeshayasema. Lakini ule ukingo wa ndani ulioliwa peke yake hausababishwi na joto. Mkanda ulikuwa umekaa upande. Klipu zilikuwa zinauegemea ukingo mmoja siku nzima.

Kuupanga mkanda si kazi ya kutisha, ila inataka subira. Inua nyuma ya mashine kwa stendi imara, mkanda uwe hewani, na mtu yeyote asisimame nyuma yake, kwani jiwe au kipande cha klipu kinaweza kuruka kama risasi. Uzungushe polepole mizunguko kadhaa, zima, uuache usimame wenyewe bila breki. Kisha chungulia nyuma: nafasi kati ya reli na klipu iwe sawa kulia na kushoto. Ikiwa ya kushoto ni finyu zaidi, kaza boliti ya kurekebishia ya upande wa kushoto kidogo, robo mzunguko hivi, na mkanda utasogea kuelekea upande uliolegea. Zungusha tena, chungulia tena. Nimeona watu wanakaza mizunguko mitatu kwa hasira, kisha wanashangaa mkanda umehamia upande wa pili.

Kukaza nako kuna kipimo. Kitabu cha mashine kinataja uzito wa kuning'iniza katikati ya mkanda na nafasi inayopaswa kuonekana kati ya klipu na kitelezi. Fuateni hicho, si jicho la jirani. Ukikaza mno, klipu zinabanwa kwenye kitelezi hata kabla hujapanda, na beringi zinateseka. Ukilegeza mno, meno ya kuendeshea yanaruka. Mkanda mpya hulegea mapema, upimeni tena baada ya safari za mwanzo.

Klipu zenyewe pia zitazameni. Moja iliyopinda au yenye kibanzi kikali inachonga mfereji kwenye kitelezi kipya mara tano kwa sekunde, mlishapiga makofi yake. Kibanzi kiondoeni kwa tupa.

Wakati wa kubadilisha? Vingi vina mstari au alama ya mwisho wa kuchakaa. Pimeni mahali palipo pembamba kuliko pote, si katikati palipo pazuri. Mkipita alama hiyo, klipu zitaanza kula reli, na reli si bei ya plastiki. Badilisheni vyote viwili pamoja. Vipo vilivyochanganywa na grafiti na vipo vilivyopachikwa vipande vya plastiki inayostahimili joto zaidi. Vinasaidia kwenye njia ngumu, lakini hakuna kinachostahimili ziwa langu lile.

Vikishaingia vipya, siku ya kwanza viendesheni kwenye theluji laini, mwendo wa wastani, hadi uso wake uzoeane na klipu.

Basi, maneno yametosha. Hii reli hapa mezani nimeilegeza makusudi. Boliti moja huku mbele, ndiyo pekee inayokizuia kitelezi. Tutaitoa, tutapiga kitelezi cha zamani kirudi nyuma kwa kipande cha mti na nyundo, tutafuta reli, kisha tutapaka maji ya sabuni na kusukuma kipya. Nahitaji mtu mmoja wa kushika reli na mwingine wa kugonga. Wewe mama mwenye glavu nyekundu, karibu. Na aliyebaki na kile kitelezi cha kisu anirudishie, bado nina watu wa kuwaonyesha.