Kalenda ya Kudumu: Kitufe Kisichoguswa Usiku

ZUHURA: Leo ni saa za mkono zenye kalenda ya kudumu, yaani inayojua yenyewe urefu wa kila mwezi. Baraka, saa inajuaje Februari imeisha?

BARAKA: Ndani kuna gurudumu linalozunguka mara moja kwa miaka 4, ukingoni limegawanywa miezi 48. Mwezi wa siku 31, ukingo mzima. Wa siku 30, pengo dogo. Februari, pengo la kina; ya mwaka mrefu, wenye siku 366, kina chake kimepungua kidogo. Wenzo una kidole kinachopapasa ukingo huo. Kidole kikizama sana, usiku wa manane tarehe inavuka kutoka 28 hadi 1.

ZUHURA: Ila 2100 itaidanganya, maana mwaka huo si mrefu.

BARAKA: Hiyo waachie wajukuu. Kinachoua saa hizi ni vile vitufe vya kurekebisha kalenda vilivyozama ubavuni, vikibonyezwa wakati mbaya.

ZUHURA: Kwa nyingi ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 9 usiku, yaani akrabu ya saa ikiwa kati ya 8 na 3. Masaa hayo meno ya kusukuma tarehe yameshashikana. Ukibonyeza unalazimisha gurudumu lililobanwa: jino linapinda, au springi inakatika. Kwa saa ya zamani, fundi atalazimika kukichonga kipuri hicho kwa mkono.

BARAKA: Na uso wa saa haukuambii kama ni mchana au usiku! Zungusha akrabu mbele mpaka tarehe ibadilike, hapo ni usiku wa manane. Endelea hadi 6, ndiyo saa 12 asubuhi. Sasa uko salama.

ZUHURA: Mpangilio?

BARAKA: Kitabu cha saa yenyewe kwanza. Kama hakipo: tarehe iweke 1, kisha mwezi pamoja na mwaka wake katika ile minne, kisha tarehe, siku ya wiki, mwezi wa angani mwisho. Tumia kijiti chake, si sindano. Bonyeza wima mpaka usikie “tiki”. Ukiishia nusu, tarehe inaganda katikati ya namba mbili.

ZUHURA: Na ukipitiliza mwezi mmoja, ni mibonyezo 47 mingine. Haurudi nyuma.

BARAKA: Ndiyo maana IWC Da Vinci ya 1985, saa ya Uswisi iliyobuniwa na fundi Kurt Klaus, ilipendwa: kalenda yote hurekebishwa kwa kifundo cha kujazia. Lakini nayo huenda mbele tu. Ukipitiliza, unaisimamisha na kungoja tarehe ikufikie.

ZUHURA: Wanunuzi?

BARAKA: Patek Philippe 1518, saa ya Uswisi yenye kalenda ya kudumu, ilianza 1941, zikatoka 281 tu. Za chuma zinazojulikana ni 4, na moja iliuzwa Geneva mwaka 2016 kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Mimi ningetazama uso wa saa kabla ya yote. Herufi za zamani zilichongwa zikajazwa enameli. Uso uliosuguliwa, kwa kioo cha fundi, herufi zake ni nyembamba na kingo zimelika.

ZUHURA: Mimi ningeomba ipitishwe mwisho wa Februari mbele ya macho yangu, mara nne, mwaka kwa mwaka. Na akrabu zizungushwe hadi usiku wa manane, si kubonyeza kitufe, kwa sababu kitufe hakionyeshi kama wenzo unafanya kazi.