Hesabu Pumzi za Mtoto kwa Dakika Nzima

Safari ya hewa kutoka puani mpaka kwenye vifuko vidogo vya mapafu mnaijua, sitairudia. Muda tulionao nautaka kwa jambo moja, ambalo nimeshalisema sana na bado halijakaa: mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi, na ahesabiwe dakika nzima, ili nimonia, yaani ugonjwa wa mapafu, isitupite.

Dakika nzima, jamani, si sekunde 15 ukazidisha kwa 4. Mtoto mchanga hapumui kwa mwendo mmoja. Anakwenda mbio, anatulia sekunde chache, anaanza tena. Ukihesabu pale alipotulia kisha ukazidisha, umemwandika mzima naye ni mgonjwa. Ukikosa pumzi 3 tu, hesabu yako imepungua 12.

Mtoto awe ametulia mapajani kwa mama yake, halii wala hanyonyi. Akiwa amelala, mwache alale. Pandisha nguo mpaka uone tumbo na mbavu za chini, ushike saa yenye mshale wa sekunde. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni moja. Akilia katikati, usikadirie; msubiri atulie, anza upya. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka, na hapo rudia kuhesabu kabla ya kuamua. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 mpaka kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi.

Kuna atakayesema homa nayo huharakisha pumzi. Kweli, huharakisha. Kwa hiyo mpe dawa ya homa kisha uhesabu tena, lakini usiifanye homa kisingizio cha kutohesabu. Mwingine atasema tunacho kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni. Kitumieni, na kikisoma chini ya asilimia 90 mtoto anahitaji oksijeni mara moja. Ila kidole kikiwa baridi au mtoto akitikisika, kinadanganya. Tena oksijeni hushuka kwa kuchelewa, kwa sababu mtoto ameshaanza kuilinda kwa kupumua mbio. Pumzi zinatangulia kusema.

Kwa nini mbio? Nimonia inajaza vifuko vya hewa majimaji na usaha, pafu linakuwa gumu kutanuka. Kuvuta pumzi ndefu kunamchosha, basi anavuta fupi nyingi. Na pumzi fupi zina hasara. Chukua mtu mzima: anavuta mililita 500, na karibu 150 zinabaki njiani bila kufika kwenye vifuko. Akipumua mara 12 kwa dakika, zinazofika ni lita 4.2. Mfanye avute 250 mara 24: jumla ni lita 6 zilezile, lakini zinazofika ni lita 2.4 tu! Mgonjwa anafanya kazi kubwa kwa faida ndogo.

Angalia pia mbavu za chini. Mtoto mwenye afya akivuta pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Mwenye pafu gumu, kiwambo, yaani msuli ulio kati ya kifua na tumbo, kinavuta kwa nguvu na mbavu zake bado ni laini, basi sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani. Akiguna kila anapotoa pumzi, anabana koo ili vifuko visifunge. Huyo ni wa hospitali sasa hivi, sawa na asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea.

Na hapa ndipo watu wanaponiudhi. Mtoto alikuwa na pumzi 68 kwa dakika, sasa ana 36, mnafurahi. Mtazameni kwanza! Kama anacheza na kunyonya, amepata nafuu. Kama amelegea na macho hayafuati, misuli imechoka, na hiyo 36 ni hatari kuliko 68.

Pumu ina mtego uleule. Njia za hewa zimebana na kujaa ute, shida yake kubwa ni kutoa hewa, ndiyo maana unasikia mlio wa filimbi. Mlio ukinyamaza ilhali mgonjwa bado anahangaika, hewa haipiti tena. Pampu ya dawa itikiswe, atoe pumzi, abane midomo, abonyeze huku akianza kuvuta polepole, kisha aizuie pumzi kama sekunde 10. Mtoto mdogo apewe pampu kupitia chombo chake cha plastiki chenye barakoa.

Moshi na sigara sitavifikia leo. Kifua kikuu kwa ufupi: mtu mzima akikohoa wiki 2 au zaidi, makohozi yapimwe, na watoto wadogo wa nyumba hiyo wapelekwe kuchunguzwa hata kama hawakohoi.